Mkono chini ya bega: kukaa nyumbani bila ya tabu baada ya kuwekewa betri ya moyo

(Mazungumzo ya muuguzi mstaafu mbele ya wagonjwa, wenye kuuguza na wakaazi wa shehia, Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana, mliokuja kwa kupenda na mliokuja kwa kuburutwa na mama zenu. Nimeambiwa niseme kwa nusu saa. Muuguzi aliyestaafu ukimpa kipaza sauti, nusu saa hiyo uihesabu wewe, maana yeye hatoihesabu.

Nitamzungumzia mtu aliyewekewa betri ya moyo, akaruhusiwa, akavuka bahari, akarudi kwao. Siku za hospitali hazinitii wasiwasi mkubwa. Kule ana madaktari, ana mashine ya kumwangalia, ana kitanda kinachopanda na kushuka. Kazi ipo hapa nyumbani, kwenye kitanda cha kamba, na jua hili, na wageni hawa. Na wengi wetu tumekubali kwamba mtu akishapasuliwa basi fungu lake ni kuteseka, avumilie tu, apewe uji na dua. Dua muendelee nazo. Lakini kuteseka mimi sikukubali. Mgonjwa anayepata usingizi, anayevaa nguo bila ya kuguna, asiyeuogopa mkono wake mwenyewe, ndiye ambaye jeraha lake hufunga vizuri na waya zake hukaa mahali pake. Kumpa raha ni kumtibu.

Kwanza tuelewane kilichowekwa ni nini. Moyo una umeme wake wenyewe, Mwenyezi Mungu kauumba nao. Unaanzia juu, kwenye chumba cha upande wa kulia wa moyo, unashuka chini, na kila unaposhuka msuli unajikaza na damu inakwenda. Njia hiyo ikichakaa, kwa uzee au kwa maradhi, mapigo hupungua. Mtu anaona kizunguzungu, anaishiwa pumzi kwa kutoka uwani mpaka barazani, mwengine huanguka ghafla akazimia. Ndipo anapowekewa kile ambacho madaktari wanakiita pesimeka na sisi tunakiita betri. Ni kidude chembamba, upana wake sentimita 4 au 5, uzito wake haufiki gramu 50. Kinakaa chini ya ngozi, chini kidogo ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, na kutoka hapo waya moja, mbili au tatu zinapita ndani ya mshipa wa damu mpaka moyoni. Kifua hakifunguliwi. Mara nyingi ni ganzi ya mahali pale pale tu, na wengi hulala hospitali siku moja au mbili. Wa kwetu ninaowajua wamefanyiwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili.

Watu huniuliza: umeme ukikatika je? Wanaouliza hivyo siwacheki. Anayelikumbuka lile giza la Unguja, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ana haki ya kuuliza jambo lolote linalohusu umeme. Jibu ni kwamba betri hii haichomekwi ukutani. Imefungwa humo humo, na mara nyingi hudumu miaka 8 hadi 12, kwa kutegemea moyo unaitumia kiasi gani. Ikikaribia kwisha, kliniki wataliona hilo kwenye kompyuta yao mapema, na kitabadilishwa kifaa peke yake, waya zikiwa nzima zinabaki. Kifaa cha mwanzo kabisa duniani kutiwa ndani ya mwili ndicho kilichokuwa cha kuchajiwa kutoka nje. Hicho aliwekewa Arne Larsson, mtu wa Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958, na daktari Åke Senning. Aliyekitengeneza alikuwa mhandisi Rune Elmqvist. Kiliharibika baada ya saa chache tu. Wakamtilia chengine, na chengine, na maishani mwake alibadilishiwa zaidi ya mara 20. Larsson alifariki mwaka 2001, ana miaka 86. Daktari wake na mhandisi wake wote wawili walimtangulia.

Swali jengine huulizwa kwa sauti ndogo, barabarani, nikishaagana na watu: mwenye betri atakufaje, na moyo unasukumwa? Atakufa kama sote. Betri inatoa cheche, na msuli uliokufa hausikii cheche. Haimzuii Malaika wa mauti na haimchelewishi. Naomba watoto wa mgonjwa wasilibebe hili kimoyomoyo, maana nimewaona wakilibeba.

Sasa nije kwenye mkono, na hapa nitakaa.

Ule waya umefikishwa moyoni na ncha yake imeshikizwa kwenye nyama. Wiki za mwanzo ni nanga iliyotiwa sasa hivi: mchanga haujaifunika, na chombo kikivutwa kwa nguvu itang'oka. Baada ya wiki 4 hadi 6 nyama inakuwa imeikumbatia ncha ile, na hapo hofu inapungua sana. Kwa hivyo katika muda huo, ambao daktari wako ndiye atakayekutajia, mkono wa upande ule una sharti mbili. Kiwiko kisipande juu ya bega. Na usibebe wala usivute kitu kizito. Shika kilo 5 kuwa ni mwisho, na kama umeambiwa pungufu, basi pungufu.

Maneno ni mepesi haya, lakini tembea nyumbani kwako uone mangapi tunayafanya juu ya bega. Kuanika nguo kwenye kamba. Kufunga chandarua. Kushusha sufuria iliyo juu ya kabati. Kuchana nywele na kujisuka. Kutwanga, maana mchi unapopanda na mkono unapanda. Kuteka maji kisimani ni kuvuta, na ndoo ikishajaa ni zaidi ya kilo 5, hata ile ndogo ya mtoto. Kwenye gari ya abiria, dereva akifunga breki, mkono unaorukia bomba la juu ni ule ule ulio karibu, haukuulizi kama umepasuliwa. Kwa hivyo mgonjwa akipanda gari apewe nafasi ya kukaa, na upande wa betri uwe wa dirishani, asigongwe na kila anayepita. Bodaboda kwa wiki hizo mimi namkatalia, na barabara zetu za ndani mnazijua.

Hayo ni ya kuzidisha. Upande wa pili ni ya kupunguza, na kwa kweli ndiyo ninayoyaona zaidi. Mgonjwa anaambiwa usiupandishe mkono, yeye anaufunga kwa kanga shingoni na kuubana kifuani mwezi mzima. Anakula kwa mkono mmoja, anaoga kwa mkono mmoja, analala ameukumbatia. Alimradi hajachomoa waya. Nilimwangalia bwana mmoja wa kwetu huku aliyefanya hivyo. Jeraha lilikuwa safi, limefunga, huwezi kulitia ila. Lakini nilipomwambia aguse sikio lake mkono uliishia kifuani, na alitoa jasho kwa maumivu. Bega limeganda. Ilimchukua miezi ya mazoezi kulirudisha, na maumivu ya bega lile yalimzidi yale ya upasuaji.

Kile kitambaa cha kufungia mkono, ukipewa, ni cha siku ya kwanza na pengine usiku wake. Baada ya hapo mkono ufanye kazi, chini ya bega. Kunja na kunjua vidole. Zungusha kifundo cha mkono. Kunja kiwiko, kinyooshe. Inua bega kidogo na ulishushe, lizungushe polepole. Shika kikombe, kula kwa mkono wako, funga vifungo vyako, kunja nguo zilizokauka. Na sisi Wapemba tuna kazi moja ambayo hata mtu wa mazoezi ya viungo asingeibuni vizuri zaidi: kuchambua karafuu. Umekaa kitako, mikono imo mapajani, vidole vinatenganisha karafuu na makonyo, kiwiko kinakwenda na kurudi, na bega halijasumbuliwa. Msimu ukiwepo, mwekeeni mgonjwa mkeka na pishi mbili tatu mbele yake. Atachangamka, na mkono utapata haki yake. Kuupanda mkarafuu ni jambo jengine, nitalifikia.

Nguo. Kanzu inavaliwa kichwani, na ili uivae lazima uinue mikono yote miwili. Dera ni hivyo hivyo, na baibui la kushona mbele nalo ni hivyo hivyo. Wiki za mwanzo mwanamme avae shati la vifungo na kikoi, mwanamke avae kitu kinachofunguka mbele, na baibui liwe la wazi la vifungo. Kama lazima kanzu, kwa Ijumaa au kwa maziko, basi mkono mgonjwa ndio unaotangulia kuingia kwenye mkono wa kanzu ukiwa chini, kisha kichwa, kisha ule mzima. Wakati wa kuvua, mzima unatoka mwanzo. Mkifanya kinyume chake mtasikia kilio. Na kwa mama zangu: ukanda wa sidiria unapita juu ya jeraha kabisa. Iacheni kwa muda, au vaeni ya ukanda mpana laini na kitambaa safi kilichokunjwa chini yake. Mtu anaweza kuvumilia upasuaji mzima akaja kushindwa na ukanda wa sidiria, na anaona haya kusema, hasa kama anayemuuguza ni mtoto wa kiume. Muulizeni.

Usingizi. Usiku wa mwanzo huwa mbaya, si kwa maumivu tu. Mtu analala chali anausikiliza moyo wake. Mwekeeni mito miwili mgongoni, alale ameinuka kidogo, na mto mdogo chini ya mkono wa upande ule, kuanzia kwapani mpaka kiwiko, ili mkono usiwe unaning'inia na kulivuta jeraha. Huo mto mdogo ndiyo dawa ya usingizi ninayoiamini. Akipenda kulala ubavu, alalie ule mwengine, ameukumbatia mto kifuani. Kulalia tumbo asubiri. Na chandarua kifungwe na mwengine, nimeshasema.

Maumivu yapo na yanatibika. Paracetamol, hii mnayoiita panadol, inawatosha wengi: mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, kwa kuachia saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima, na mwenye maradhi ya ini amuulize daktari kwanza. Siku tatu nne za mwanzo vimezwe kwa saa zake. Anayengoja mpaka ameshindwa ndipo ameze, siku nzima anabaki kuyakimbiza maumivu. Brufen na diclofenac msinunue wenyewe dukani. Zinaweza kuudhuru moyo na figo za mtu ambaye tayari ana mgogoro, na akiwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda zinamtoa damu. Na hiyo dawa ya damu asiiache wala asiipunguze kwa ushauri wa jirani.

Kuna vitu vitamtisha bure. Damu iliyovilia chini ya ngozi itashuka: leo iko juu, keshokutwa iko kwenye ziwa au mkononi, inakuwa nyeusi, kisha rangi ya majani, kisha manjano, kisha inaondoka. Hiyo inashuka kwa uzito wake tu. Kuzunguka kovu patakuwa na ganzi, pengine kwa miezi. Siku ya tano au ya sita patawasha, na kuwasha huko ni ngozi inaungana. Apigepige kando kwa kidole, asijikune. Na asikichezee kifaa. Wapo watu mkono hauwatulii, wanakisukuma chini ya ngozi, wanakigeuza, kama anayechezea tasbihi, hata hajui kama anafanya. Kifaa kikigeuka mara nyingi waya unajivingirisha na ncha inatoka moyoni. Madaktari wamelijua jambo hili tangu miaka ya 1960, na mpaka leo linatokea.

Jeraha lenyewe linataka mambo mawili: ukavu na kuachwa. Kwa wiki moja hivi, au kama mlivyoambiwa, mgonjwa aoge kuanzia kiunoni kwenda chini kwa kata yake, na juu afutwe kwa kitambaa chenye maji kilichokamuliwa. Baada ya hapo maji yapite, lakini dodoki lisipite. Baharini asiingie mpaka pamefunga kabisa. Kuachwa ndiko kunakotushinda. Kila nyumba ina dawa yake. Huyu analeta manjano, huyu mafuta ya nyonyo, huyu asali, huyu mafuta ya karafuu na ari ya kuchua. Mafuta ya karafuu ni fahari yetu, mchueni nayo miguu. Kifuani hapana. Wala msikande kwa maji moto, wala poda, wala marashi. Pakivimba pakajaa, asije mtu akapatoboa kwa sindano, hata awe na koti jeupe, bila ya wale waliomuwekea kuulizwa. Sindano ile inaweza kuwaingiza wadudu mahali ambapo mpaka sasa ni pasafi.

Na mkija kuangalia kama pana wadudu, karatasi mliyopewa itasema angalia wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Panaweza kuwa peusi zaidi, panang'aa, ngozi imekaza. Tumieni mgongo wa mkono: wekeni upande wenye kifaa, kisha upande usio nacho, mahali pale pale. Upande ule ukiwa wa moto zaidi, na uvimbe unaongezeka badala ya kupungua, na maumivu yaliyokuwa yameshatulia yameanza upya, msingoje mpaka usaha utoke. Homa nayo isipokelewe kwa neno "malaria" tu. Apimwe malaria, ndiyo, lakini anayempima aambiwe kuna betri kifuani na aangalie jeraha. Msinunue vidonge vya rangi mbili nusu dozi. Wadudu wakishaingia kwenye kifaa, mara nyingi hakuna njia ila kukitoa chote, waya na kila kitu, na kuanza upya upande wa pili. Nauli tu ya safari hiyo inatosha kumfanya mtu awahi.

Akizimia au akikaribia kuzimia, akiishiwa pumzi, akipata kwikwi isiyokatika, mkono wote ukivimba, au mapigo yakishuka chini ya ile namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake, twendeni hospitali siku hiyo hiyo: hapa Chake, au Wete, au Micheweni, au Abdalla Mzee kule Mkoani, iliyo karibu. Kuhesabu mapigo kila nyumba ijifunze. Vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, dakika nzima kwa saa. Nitabaki baada ya hapa, mwenye kutaka nimuoneshe.

Na wageni. Kumkagua mgonjwa ni sunna na ni utu, na Pemba hii mtu akiumwa na asije mtu, huo ni msiba mwengine. Lakini nimesimama chumbani nikaona. Mgonjwa amelala, uso umeanza kutulia. Anaingia ami yake, kapanda gari kutoka Konde, mapenzi yamemjaa. Anaushika mkono ule ule, anauvuta ili amkumbatie, na kumpigapiga pale pale penye jeraha: "Haya, leo huna neno!" Mgonjwa anacheka kwa heshima na machozi yanamtoka, na ami anadhani ni furaha. Nyuma yake wapo wengine, kila mmoja anataka kuoneshwa kovu, na kila mmoja ana habari ya mtu aliyewekewa kama hii akafa.

Ami huyo simlaumu, hakuna aliyemwambia. Mwenye nyumba ndiye wa kumwambia, na awaambie mlangoni, kabla hawajaingia: salamu ni kwa mkono wa kulia, jeraha halioneshwi, tukae kidogo tumwache apumzike. Mtoto mdogo asirushwe kifuani pake. Kama kuna bibi mkubwa nyumbani ambaye watu wanamuogopa, muwekeni yeye mlangoni. Anayesimulia vifo atolewe nje kwa chai.

Ibada watu huniuliza sana, na masheikh wamo humu, watanisahihisha. Mimi nasema ya mwili tu. Kuinua mikono kwa takbira mkabala wa mabega, kama tunavyosali sisi, hakumdhuru, kwani kiwiko kinabaki chini. Sijida ndiyo inayouma, maana uzito wote unaingia viganjani. Mgonjwa ana ruhusa ya kukaa, aitumie. Jeraha haliko kwenye viungo vya udhu. Kwa josho, mambo ya bendeji na kupangusa, waulizeni wao. Ramadhani ikimkuta wiki hizo, saa za dawa azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, si siku ya pili ya mfungo. Na mambo ya ndani ya chandarua, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuuliza: yanaruhusiwa mtu akijisikia vyema, uzito usiegemee mkono ule. Nimemaliza, mnaweza kuinua vichwa.

Simu asiitie mfuko wa shati upande ule. Iwe mbali sentimita 15 au zaidi, na aisikilizie sikio la upande wa pili. Redio, televisheni, feni, friji, havina neno. Jenereta linalonguruma na mashine ya kuchomelea vyuma akae navyo mbali, na fundi wa kuchomelea asirudi kazini kabla ya kuongea na kliniki. Uwanja wa ndege na bandarini aoneshe kadi yake ya betri, apite mlangoni bila ya kusimama, na kile kifimbo cha kupekulia kisizungushwe kifuani. Kadi hiyo mtu hatembei bila yake. Ipigeni picha, na nakala moja akae nayo mtu mwengine. Kila daktari ataitaka, hasa kabla ya kipimo cha MRI, kile cha mashine ya sumaku, maana vipo vifaa vinavyokubali kipimo hicho na vipo visivyokubali.

Kurudi kazini, mtu wa ofisini na mwalimu wa skuli wanaweza mapema. Mama wa mwani asirudi kabla ya jeraha kufunga kabisa na wiki zake kutimia, kwani maji ya chumvi, kuinama, na gunia la mwani mbichi mgongoni ni mambo yote matatu tunayoyakataa kwa pamoja. Mvuvi wa kupiga kasia na mkweaji wa minazi ni hivyo hivyo. Mchumaji wa karafuu nilimuahidi: kule juu unashika tawi kwa mkono mmoja na kuvuta kwa mwengine, na zaidi ya waya kuna swali la kizunguzungu, maana aliyekuwa akizimia kabla ya betri lazima apimwe ahakikishwe kwamba hazimii tena. Asipande kwa kujisikia nafuu tu, wala kwa sababu bei imepanda.

Safari ya kurudi kutoka Dar nayo nimeshindana nayo miaka. Watu wanataka kupanda boti siku ile ile ya kuruhusiwa, na mkondo wa Nungwi haujali kama umeshonwa. Kama kuna jamaa Dar au mjini Unguja, mgonjwa alale huko mpaka jeraha limeangaliwa mara ya kwanza. Begi abebewe. Akae pa chini, katikati ya chombo, ambako hapatupi sana, na anywe dawa ya kuzuia kutapika kabla ya kung'oa nanga, aliyopewa na daktari wake.

Halafu kliniki. Mara ya kwanza ni baada ya wiki chache, kifaa kinapimwa na kurekebishwa. Baadae ni kila miezi 6 au mwaka. Nauli ya safari hizo iwekwe kando tangu sasa, kama inavyowekwa ada ya skuli, kwa sababu mgonjwa akishapona ndipo familia inapoona safari haina haja. Wenzetu mmoja mmoja hapa shehiani mna siku za kliniki zinazokaribiana. Zungumzeni, msafiri pamoja, anayejua njia za Muhimbili amchukue asiyezijua.

Sasa nakaa. Kipaza sauti kipelekeni nyuma kwa mama zangu kwanza. Nimewaona tangu nilipotaja sidiria, wana maswali.